Watu 320 kwenye kundi, wanaochanga 27

SWALI: Mwalimu, hujambo. Sisi ni vijana wanne hapa Kisumu na tunatengeneza katuni ya dakika 12 kuhusu Lwanda Magere, yule shujaa wa masimulizi ya Waluo. Tunahitaji shilingi 380,000 za kulipa wachoraji, waigizaji wa sauti na studio. Tulifungua kundi la WhatsApp, sasa lina watu 320. Tuna Till, namba ya kupokea malipo ya M-Pesa, na kila Ijumaa tunaweka bango la kuomba mchango. Wiki sita zimepita na tumepata 41,000 kutoka kwa watu 27, wengi wao wakiwa shangazi na wajomba zetu. Waliobaki wanatazama tu, hata "hongera" hawaandiki. Kuna anayetushauri tuhamie Kickstarter, ile tovuti ya kuchangisha pesa za miradi. Tunakosea wapi? — Msomaji wa Nyalenda

JIBU: Sijambo, dada. Nimeziangalia picha za kundi ulizonitumia, na jicho langu likaenda moja kwa moja kwenye yale maandishi madogo pale chini: maadmini pekee ndio wanaoweza kutuma ujumbe. Mmewaita watu 320 sebuleni, mkawaziba midomo, halafu mnashangaa mbona wako kimya. Najua kilichowafanya mfunge. Kundi likiachwa wazi hujaa viungo vya kamari na salamu za asubuhi zenye maua. Basi lifungueni kwa saa moja tu kila Alhamisi jioni, mmoja wenu akae humo ajibu kila neno, kisha mfunge tena. Watu wakishajua saa ya baraza, watakuja.

Hata hivyo, kufunga kundi ni dalili tu. Umekulia Kisumu, kwa hiyo ohangla, ngoma yetu ya Waluo, umeiona. Wimbo uko katikati, mtu anainuka na noti yake, muziki unatulia, naye anapiga pakruok, yaani majigambo ya kulipia: anajisifu, anamsifu mkewe, anakitaja kijiji cha mamake na rafiki aliyemleta. Akimaliza, mwimbaji anaidaka ile sifa na kuiingiza kwenye wimbo. Ukimwambia huyo bwana kwamba ametoa mchango atakushangaa. Anachojua ni kwamba wimbo wa usiku huo una jina lake ndani. Na meza ya pili, ikishasikia hayo, haiwezi kuvumilia kukaa kimya.

Bango lenu la Ijumaa linataka noti bila pakruok. Shangazi atatoa kwa sababu wewe ni mtoto wake. Mtu wa Bondo asiyekujua atatoa kwa sababu gani?

Hapo ndipo Till inapowaponza. Mtu anaweka kiasi, anaweka PIN, basi. Paybill, namba ya aina nyingine ya kulipia kwa M-Pesa, ina kisanduku cha namba ya akaunti, na humo mlipaji anaweza kuandika neno. Neno hilo ndilo pakruok yake. Nguvu za Magere zilikuwa kwenye kivuli chake, na mkewe ndiye aliyeigundua siri hiyo, sivyo? Wiki hii ulizeni: kivuli hicho kichorwe vipi? Anayekitaka cheusi ti aandike MAKAA, anayekitaka cha rangi ya udongo wa Kano aandike UDONGO. Shilingi 50 ni kura moja, na 5,000 pia ni kura moja. Msilegeze hapo, hata mjomba akinuna. Siku mtakapouza kura kwa uzito wa mfuko, wale wa hamsini hamsini watanyamaza tena, na hao ndio wengi. Kabla ya kuiacha Till, ulizeni masharti ya kikundi kupata Paybill yake. Mkipitia jukwaa la kuchangisha la hapa nyumbani kama M-Changa, ulizeni kwanza kisanduku cha akaunti kinatumikaje huko, maana huenda kinahitajika kwa kulitambulisha changizo lenyewe.

Kura za WhatsApp zenyewe nazo zinafaa kwa mambo madogo, ila kumbukeni kwamba kundini kila mtu huona nani kapiga wapi. Kwa swali lenye ubishi mtaletewa ugomvi.

Tena msipigishe kura kila kitu. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Sisi tuliwahi kuchangisha pesa za mchezo wa sauti, tukawauliza wasikilizaji mwisho uweje, ilhali mwisho tulikuwa tumesharekodi. Tuliamini watachagua wetu. Hawakuuchagua. Tukatoa ule uliokuwepo, na hadi leo kuna watu hawapokei simu zangu. Ulizeni tu jambo ambalo jibu lolote mtaliweza, na mliulize kabla penseli haijagusa karatasi.

Sasa, wale wasio na pesa. Wafini waliotengeneza Iron Sky, filamu ya mwaka 2012, walitumia tovuti iitwayo Wreckamovie. Badala ya kusema "tusaidieni", waliweka humo kazi ndogondogo zenye maelezo kamili, na mashabiki wakachagua wanayoiweza. Siri ni udogo wa kazi. Ukiandika "tuleteeni mawazo yenu" hutapata hata moja. Andika hivi: "Tunataka sauti ya kasia likipiga maji, sekunde 20, bila muziki wala mazungumzo. Aliye karibu na ufuo wa Dunga alfajiri aturekodie." Mwingine apige picha ya mwamba wa Kit Mikayi kivuli kikiwa kirefu, wachoraji waione. Mwingine amuulize bibi yake yule mke wa Magere aligunduaje siri ya kivuli, amrekodi dakika mbili. Kila nyumba ina masimulizi yake, na nyinyi mna dakika 12 za kujaza.

Jambo moja la kiufundi hapo: sauti zisije kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp, kwa kuwa hubanwa sana na mhandisi wenu wa studio atalia. Warekodi kwa programu ya kurekodi ya simu, kisha watume faili kama dokumenti. Nanyi mkirudisha kitu kundini kiwe kifupi, sekunde 30 hivi, maana bando ni pesa.

Atakayeleta sauti ya kasia aandikwe kwenye orodha ya mwisho wa filamu sawa na aliyetoa elfu mbili. Majina yana nguvu kuliko fulana mnazopanga kuchapisha. Mwaka 1885, mwenye gazeti Joseph Pulitzer alichangisha zaidi ya dola 100,000 za kujenga kitako cha Sanamu ya Uhuru kule New York. Waliochanga walizidi 120,000, wengi wao chini ya dola moja, naye aliahidi kuchapisha jina la kila mmoja hata kama ametoa kidogo namna gani. Hiyo ni harambee kama ya kwetu, ambapo majina husomwa kwa kipaza sauti.

Ila ombeni ruhusa kabla ya kutangaza jina, na namba ya simu isitoke kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu nyinyi pia. Kwa sauti na picha za watu tengenezeni fomu fupi: nani ameirekodi, anawaruhusu muitumie wapi, jina lake liandikwe vipi. Mkitaka haki zote ziwe zenu, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inataka makubaliano ya maandishi yenye saini. Mimi nisingezitaka zote. Ruhusa ya kutumia inawatosha.

Kuhusu Kickstarter: Kenya haimo katika nchi ambazo mwenye mradi anaweza kufungulia changizo huko. Tena msipofikisha lengo lote hampati hata senti. Iacheni kwa sasa.

Kabla ya Alhamisi, wapigieni simu wale 27, mmoja mmoja. Msiwaombe kitu. Wapeni kazi ndogo, au waulizeni la kivuli. Nina hakika kati ya hao shangazi kuna mmoja mwenye ile sauti ya kikongwe mnayopanga kuilipia studio.