Hiyo Mnayoiita Posho Ni Shamba la Baba

Mdogo wangu, ujumbe wako nimeupata, pamoja na salamu za Shangazi ambaye, kwa maelezo yako, amesikia kwamba mwanafunzi akifika Ujerumani hupewa chumba na chuo na kulipwa na serikali euro 992 kila mwezi, na sasa anashangaa kwa nini mimi nimekuwa mkono wa birika. Nilikasirika siku tatu nzima kabla ya kujibu.

Hizo euro 992 zipo kweli. Zinatoka katika akaunti maalumu ambayo mwanafunzi asiye na mfadhili hutakiwa kuiwekea euro 11,904 ndipo apewe viza, kisha hurudishiwa fedha zake mwenyewe kwa mafungu kumi na mawili. Wewe unajua zangu zilikotoka, maana ulikuwapo siku shamba la Baba lilipouzwa. Mwambie Shangazi, kwa adabu, kwamba ninachokula kila mwezi ni kipande cha shamba lile.

Chumba nacho chuo hakitoi. Mabweni mengi yako chini ya shirika la huduma za wanafunzi, Studierendenwerk, ambalo foleni yake hapa Munich huweza kuchukua mihula kadhaa. Nilifika Oktoba nikiwa na barua ya udahili na sanduku moja, nikalala wiki tano kwenye sakafu ya mwanafunzi mwenzangu. Sakafu niliizoea upesi. Karatasi ndizo zilizonitesa. Sheria inataka ujisajili manispaa ndani ya wiki mbili tangu uhamie, jambo ambalo kila mtu hapa huliita Anmeldung, na huwezi kulifanya bila barua ya mwenye nyumba kuthibitisha kwamba unakaa kwake. Mwenzangu hakuruhusiwa kukaa na mtu, hivyo barua haikuwapo. Benki niliyoiendea ikataka hati ya usajili ndipo inifungulie akaunti ya kawaida, na bila akaunti hiyo zile 992 hazikuwa na pa kuingilia. Nilikuwa na maelfu ya euro kwa jina langu huku nikikopa nauli, na kila asubuhi nilishuka ngazi viatu vikiwa mkononi, ili msimamizi wa jengo asisikie hatua za mtu wa pili.

Chumba nilichokipata hatimaye kilikuwa kitupu kabisa. Pale penye taa palining'inia nyaya mbili tu, kwa kuwa mpangaji aliyetangulia aliondoka na taa yake, na hapa hilo ni jambo la kawaida. Tangazo lilitaja euro 520. Ninalipa 640, kwa sababu matangazo mengi hutaja kodi wanayoiita baridi, yaani kabla ya maji na joto. Bima ya afya inachukua zaidi ya 140, ada ya redio na televisheni 18.36, nami televisheni sina. Zinazobaki hazifiki 200, na zile euro 50 nilizotuma nyumbani, ambazo Shangazi alizicheka, zilitoka humo. Sikumweleza. Niliona aibu, na hata sasa sijui kama aibu hiyo ni yangu au ni yake.

Basi wewe usije kabla hujapata mkataba wa chumba, na swali lako la kwanza kwa mwenye nyumba liwe kama atatoa barua ya usajili. Mtu akikutumia picha nzuri na kudai yuko nchi nyingine, kwamba utume amana naye akutumie ufunguo kwa posta, huyo ni mwizi, usibishane naye. Amana kisheria haizidi kodi baridi ya miezi mitatu, nawe una haki ya kuilipa kwa awamu tatu. Mimi sikujua, nikalipa yote siku moja.

Lakini ukingoja chumba ndipo uje, utazeekea hapo ulipo. Omba bweni siku ileile utakapopata udahili, na likikosekana, njoo hivyohivyo. Sakafu yangu ipo. Barua sitaweza kukupa, kwa kuwa mkataba wangu nao unakataza kukaa na mtu, na msimamizi wa jengo hili huamka saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo njoo na soksi nene.