Insha ya hoja iliyorudishwa kwa kukosa ushahidi

Mdogo wangu, umeeleza kwamba insha yako inayotetea Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia sekondari nchini Tanzania imerudishwa kwa kukosa ushahidi. Yangu pia ilirudishwa nilipokuwa mwaka wa kwanza, na pembeni mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu neno moja tu, "Nani?", kwa kuwa kila aya nilianza na "watu wengi wanasema". Soma Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995, iliyobakiza Kiingereza sekondari, kisha ile ya 2014, iliyofungulia Kiswahili mlango katika ngazi zote, ujiulize kwa nini Kiingereza kiliendelea kutawala madarasani. Hapo ndipo penye hoja yenyewe. Wazazi wanaohofia ajira za watoto wao wape aya nzima bila kuwabeza, ndipo uwajibu.