Vidole vitatu chini si bia tatu

SWALI: Mzee wa Domo la Bata, shikamoo. Ijumaa mume wangu alinipeleka klabu moja hapa Arusha, kuna jamaa anapuliza saksafoni na wenzake watatu. Katikati akamwita dada mmoja aliyekuwa amekaa mezani na rafiki zake, aje aimbe. Dada akapanda, wakanong'onezana kidogo, kisha akanyoosha vidole vitatu vikitazama chini. Mume wangu akasema, "Huyo anaagiza bia tatu." Wimbo ukaanza, na mpaka mwisho hawakupotezana hata mara moja. Walifanya mazoezi kwa siri? Na mbona saksafoni ilikuwa inamdakia kila akinyamaza? Mume wangu anasema ni kukosa adabu.
Mama N., Arusha

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwambie mumeo bia anywe yeye. Vile vidole vilikuwa vinataja kii, yaani sauti ya msingi ya wimbo. Vikitazama juu ni idadi ya shapu (alama za kupandisha noti nusu sauti), vikitazama chini ni idadi ya flati (alama za kuishusha). Flati tatu ni E flati. Watu wa kwaya wangesema "do ni E flati". Klabuni kuna kelele, na B, D na E ukizitamka penye ngoma husikika kama herufi moja, kwa hiyo wana-jazi wanaamini vidole kuliko midomo.

Mzigo unamwangukia mpulizaji, maana noti za saksafoni haziitwi majina sawa na za kinanda. Kinanda kikipiga E flati, mwenye saksafoni ya alto anapuliza C yake, mwenye tenori anapuliza F. Kama wenu alikuwa na alto alishukuru Mungu, maana C haina shapu wala flati. Dada angetaka E, nusu sauti tu juu yake, alto ingeangukia kwenye shapu saba! Hilo lilinikuta ujanani, hotelini Moshi. Mgeni wa watu kasimama mbele anaimba vizuri kabisa, mimi vidole vinatapatapa. Nilitoa noti mbili mbovu, nikajifanya ridi, kile kijiti cha mdomoni mwa saksafoni, imelowa, nikaifuta mpaka wimbo ukaisha.

Mazoezi ya siri hayakuwepo. Sisi wa dansi, hata bendi zilizojiita Jazz kama Morogoro Jazz na Western Jazz, tulikariri nyimbo zetu wenyewe kwa mazoezi ya mchana kutwa. Hawa wa jazi wanategemea nyimbo ambazo kila mmoja wao anazijua tangu zamani. Nyingi zina baa 32, yaani vipande vya mapigo, si baa za bia: nane, nane tena zilezile, nane za kati zenye mwelekeo mwingine, na nane za kufunga zinazofanana na za mwanzo. Kwenye wimbo wa polepole mwimbaji huimba raundi nzima, saksafoni inachukua baa 16, naye anarudi kwenye zile nane za kati. Hakonyezwi na mtu, anahesabu. Ukimwona mmoja wao kajigonga utosini, anawaambia wenzake turudi kichwani, yaani kwenye wimbo wenyewe.

Ama huko kudakia, mbona kwenye taarabu mwimbaji akimaliza ubeti fidla zikaingia hakuna anayenuna? Tafuteni rekodi za mwaka 1937 za mwimbaji wa jazi Billie Holiday na mpuliza saksafoni Lester Young. Lester alitaka ajue maneno ya wimbo kabla ya kuupuliza, na ukisikiliza utaona: anapita pale mama yule anapovuta pumzi, halafu anampisha. Lester alimwita Lady Day, Billie akamwita Prez. Walifariki mwaka mmoja, 1959, wakipishana miezi minne.

Mumeo nisimnyime haki yake yote. Wapo wapulizaji wanaomfunika mwimbaji, na wengi wao ni vijana wenye pumzi nyingi. Kipimo ni rahisi: ulisikia maneno ya dada yote? Kama uliyasikia, jamaa anajua kazi.

Safari nyingine kaeni meza ya karibu na kinanda, muitazame mikono yao. Na vidole viwili juu ni D, mwambie mapema kabla hajamwita mhudumu.