Vipimo safi, moyo mbio: niliyoyapitia na ugonjwa wa wasiwasi

Mkuu, pole sana. Nimesoma maelezo yako mara mbili na nimejiona mwenyewe mle ndani. Kwa wanaoingia sasa: mleta mada anasema kwa miezi minne moyo wake unakwenda mbio bila sababu, usiku mwingine unamwamsha usingizini, vidole vinakufa ganzi na anahisi anakata roho. Amepimwa moyo mara mbili, majibu safi. Daktari wa mwisho kamwambia ni wasiwasi, akamwandikia dawa iitwayo sertraline. Anauliza wasiwasi unawezaje kuusumbua mwili kiasi hiki, atajuaje kama kweli ni ugonjwa, na dawa ameze au aache. Mdau mmoja naye kachomekea swali lake: hivi kuna anayepona?

Mimi si daktari. Ni mgonjwa aliyezunguka karibu mwaka na nusu kabla ya kugonga mlango unaotakiwa.

Yangu yalianza kwenye basi. Nimekaa siti ya dirishani, sijagombana na mtu, sidaiwi, wala hakuna lililokuwa linanisumbua siku hiyo. Mara joto likapanda kutoka tumboni hadi shingoni, moyo ukadunda mpaka nikaona shati linatikisika, pumzi ikawa haitoshi, midomo na vidole vikaanza kuchomachoma. Nilikuwa na uhakika kwamba nakufa. Sisemi nilihofia, nilikuwa na uhakika. Nikashuka kituo ambacho hata sikijui, nikafikishwa hospitali, na hadi nawekewa waya za kipimo cha umeme wa moyo nilikuwa nimeshatulia. Nikaambiwa, "Uko sawa, punguza mawazo." Maneno hayo yaliniumiza kwa sababu sikuwa na mawazo! Nikaamua kwamba hawa hawajaona tatizo, nikatafute watakaoliona.

Nikatafuta. Umeme wa moyo mara nne, ultrasaundi ya moyo, sukari, wingi wa damu, tezi ya shingo. Nisieleweke vibaya, sehemu ya vipimo hivyo ilikuwa lazima. Tezi ya thairoidi ikifanya kazi kupita kiasi inaleta moyo mbio, jasho, kutetemeka na kukonda, mtu akadhani ni wasiwasi. Upungufu wa damu nao unaweza kufanana hivyohivyo, sukari ikishuka vilevile, na yapo matatizo ya mdundo wa moyo yanayokuja na kuondoka. Dawa ya pumu kama salbutamol, baadhi ya dawa za kuzibua pua, na kahawa nyingi pia zinaweza kukudundisha moyo. Kwa hiyo mtu anayekwambia "ni wasiwasi tu" bila kukupima na bila kukuuliza unatumia nini, mrudie umuulize. Ila kipimo cha kwanza kilikuwa haki yangu, cha nne kilikuwa ni ugonjwa wenyewe. Majibu ya kwanza yalinituliza mwezi mzima. Ya pili wiki moja. Ya mwisho hayakunifikisha hata nyumbani, niko njiani nikaanza kujiuliza kama mashine ile ilikuwa nzima.

Sasa kuhusu mwili. Ubongo ukiona hatari, ya kweli au ya kudhania, unaamuru adrenalini imwagwe kwenye damu. Moyo unaongeza kasi ili misuli ipate damu ya kukimbilia au ya kupigania, tumbo linasimamisha kazi yake, ndiyo kichefuchefu au mbio za chooni, misuli inakaza, jasho linatoka. Pumzi nayo inakwenda haraka, na hapa ndipo ganzi yako inapotokea. Ukihema kwa kasi huku umekaa tu, unatoa kaboni dayoksaidi nyingi kuliko mwili unavyoitengeneza. Ikipungua kwenye damu, mishipa ya kwenda kwenye ubongo inabana kidogo na neva zinakuwa nyepesi kushtuka: kizunguzungu, kuchomachoma vidoleni na mdomoni, kifua kubana. Unahisi hewa haitoshi, kumbe umevuta ya kuzidi. (Ule ushauri wa kupumulia ndani ya mfuko wa karatasi uacheni. Siku tatizo likiwa ni moyo au pumu kweli, mfuko utakuumiza.) Na kuamshwa usingizini hakumaanishi kwamba si wasiwasi. Shambulio la hofu linaweza kumpata mtu amelala fofofo, bila hata ndoto mbaya.

Mimi nilichoogopa zaidi ni kuzimia mbele za watu. Mwanasaikolojia wangu ndiye aliyenifafanulia kwamba kuzimia kwa kawaida hutokana na shinikizo la damu kushuka ghafla, na kwenye shambulio la hofu mara nyingi linapanda. Wanaozimia hasa ni wale wenye hofu ya damu na sindano, maana kwao linapanda kisha linaporomoka. Hesabu yangu mwenyewe: mashambulio zaidi ya thelathini, kuzimia sifuri. Sikuwahi kuhesabu hadi aliponiuliza.

Lugha yetu ilishayajua haya kabla ya madaktari kutueleza. Tunasema fulani tumbo joto, roho juu, presha inapanda presha inashuka. Yote mwilini! Ila neno lenyewe, wasiwasi, tumelibebesha mzigo mkubwa mno. Wasiwasi kama umefunga mlango, wasiwasi wa mtihani, na huu unaomlaza mtu sakafuni akisubiri kufa, vyote neno moja. Ndiyo maana ukisema una wasiwasi unajibiwa "ondoa wasiwasi", kana kwamba ni koti. Nami nilikuwa na kinga yangu, nikiambiwa nimezidi najibu "wasiwasi ndio akili". Nilijificha nyuma ya msemo huo muda mrefu.

Na si jambo la kizazi hiki. Mwaka 1871 daktari wa Marekani, Jacob Mendes Da Costa, aliandika kuhusu wanajeshi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi hiyo waliolalamika moyo kwenda mbio, maumivu ya kifua na kukosa pumzi, huku mioyo ya wengi wao haionyeshi kasoro ya kueleza hali hiyo. Niliposoma habari hiyo nilijisikia nafuu ya ajabu, kwamba hata wanajeshi.

Utajuaje kama ni ugonjwa? Vigezo vipo. Kwa wasiwasi wa jumla, madaktari huangalia kama umekuwa na hofu iliyopitiliza, ngumu kuizuia, kuhusu mambo mbalimbali, siku nyingi kuliko zisizo nayo, kwa miezi 6 au zaidi, ikiambatana na mambo kama kukosa utulivu, kuchoka upesi, akili kutotulia kwenye jambo moja, hasira za karibu, misuli kukaza na usingizi kuharibika. Ugonjwa wa mashambulio ya hofu ni tofauti kidogo: yanakuja ghafla, yanafika kileleni ndani ya dakika chache, na baada yake unaishi mwezi au zaidi ukiogopa lijalo au ukibadilisha mwenendo wako kulikwepa. Wapo pia wanaoogopa kutazamwa na kuhukumiwa na watu, na wanaoogopa kitu kimoja mahususi kama lifti au mbwa. Wengi wetu tuna zaidi ya kimoja. Kuna dodoso fupi linaloitwa GAD-7, maswali 7 kuhusu wiki 2 zilizopita, alama 0 hadi 21. Ukifika 10, inafaa uchunguzwe zaidi. Si hukumu, ni kipimajoto tu. Mimi nilipata 16.

Lakini kilichonifungua macho si alama. Mwanasaikolojia hakuniuliza hofu yangu ni kali kiasi gani. Aliniuliza, "Umeacha kufanya nini?" Nikaanza kutaja. Nimeacha basi, natembea. Nimeacha kukaa katikati ya ukumbi, nakaa karibu na mlango. Nimeacha mazoezi kwa sababu yanadundisha moyo. Nimeacha kulala peke yangu. Sisafiri bila kujua hospitali ya karibu iko wapi. Nabeba chupa ya maji ambayo siinywi. Napima mapigo shingoni kwa vidole, mara arobaini, hamsini kwa siku. Nilipomaliza orodha nilinyamaza, naye akanyamaza. Mkuu, jipime hapo. Ukali wa hofu unadanganya, maana ukikwepa kila kinachoitia, hofu inatulia na unajiona mzima huku maisha yamebaki saizi ya chumba.

Na ndiyo sababu tiba ya mazungumzo niliyopewa, ile wanayoiita CBT, ilikuwa na vitendo vingi kuliko mazungumzo. Nilidhani nitalala kwenye kochi nisimulie ya utotoni. Badala yake nilizungushwa kwenye kiti mpaka kizunguzungu, nikapumua kwa mrija mwembamba, nikapanda ngazi mbio mpaka moyo udunde, kisha nikae nao bila kuugusa shingoni. Lengo ni ubongo ujifunze kwamba dalili hizi ni karaha, si kifo. Kisha basi: kituo kimoja, vituo vitatu, safari nzima, mwisho siti ya katikati bila chupa. Nilikwenda mara 14. Wiki ya tatu nilitaka kuacha, kwa sababu hali yangu ilikuwa mbaya kuliko nilivyoanza. Hili watu hawaambiwi. Ukianza kuyaendea uliyokuwa unayakwepa, hofu hupanda kwanza.

Dawa. Sertraline iko kwenye kundi moja na escitalopram na fluoxetine, dawa za sonona zinazotumika pia kutibu wasiwasi. Si dawa za usingizi, na hazifanyi kazi siku uliyomeza. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki 2 hadi 6, na kabla ya hapo unaweza kupata kichefuchefu, tumbo kuchafuka, usingizi kuvurugika, hata wasiwasi wenyewe kuongezeka kidogo. Mimi siku ya nne niliitupa, nikisema inaniua. Kosa. Nilirudi kwa daktari, akanianzishia nusu ya dozi nikapanda taratibu, nikavuka. Ukipata nafuu usikate ghafla, maana kichwa kitazunguka na hofu inaweza kurudi. Kwa kawaida inaendelea kwa miezi 6 hadi 12 baada ya kutulia, kisha inapunguzwa kwa mpango wa daktari. Kabla ya kuanza mwambie dawa zote unazotumia, kama ni mjamzito, na kama umewahi kuwa na vipindi vya kuchangamka kupita kiasi, hulali siku kadhaa na wala huchoki, kwa sababu hapo anaweza kuchagua njia nyingine. Vijana wa chini ya miaka 25 waangaliwe kwa karibu wiki za mwanzo, kwani mawazo ya kujidhuru yanaweza kujitokeza.

Kuna aliyependekeza diazepam, dawa ya kutuliza, kwa sababu "inashusha dakika hiyohiyo". Ni kweli inashusha, na ndiyo hatari yake. Mwili unaizoea upesi, kuiacha kunakuwa kazi nyingine, na ukichanganya na pombe inaweza kukusimamisha pumzi. Ina mahali pake kwa muda mfupi chini ya daktari. Isiwe dawa ya kuazimana. Pombe nayo ni hadithi hiyohiyo. Niliwahi kujitibu nayo, usiku natulia, alfajiri moyo unanilipiza.

Ukienda kumwona daktari usiseme "nina mawazo" ukaishia hapo. Andika kwenye karatasi: lilianza lini, huchukua dakika ngapi, umeacha nini, umepima nini, unakunywa kahawa kiasi gani. Mimi nilipoenda na karatasi, mazungumzo yalichukua sura nyingine kabisa. Kama hakuna mwanasaikolojia karibu, anza na daktari wa kawaida, wengi wanaweza kuanzisha tiba au kukuelekeza. Na usione umejitenga na dunia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 359 walikuwa wakiishi na matatizo haya, na takriban mmoja tu kati ya wanne wanaohitaji tiba ndiye anayeipata.

Mambo mawili ya kutosubiri. Maumivu ya kifua yanayokandamiza, yanayokwenda mkononi au kwenye taya, yanayokuja ukijitumikisha, au kuzimia kweli: nenda hospitali mara moja hata kama umeshaambiwa una wasiwasi, mwenye wasiwasi pia ana moyo. Na mawazo ya kujiua yakija, mwambie mtu aliye karibu nawe usiku huohuo na uende kwenye huduma ya dharura. Usisubiri miadi.

Mdau aliyeuliza kama kuna anayepona: dawa nimeacha, mwaka wa pili huu. Shambulio la mwisho lilikuwa miezi mitano iliyopita, kwenye basi tena, njia ileile. Joto, moyo, vidole. Mkono ukaanza kupanda shingoni, nikaurudisha pajani. Jirani yangu aliniuliza saa, nikamwambia. Kile kituo nisichokijua kikapita, vikapita vingine viwili, nikashuka nilikokuwa nakwenda.