Jibu: kwa nini ucheleweshaji huwekwa kabla ya uchunguzi kuanza

Shikamoo, Mwalimu. Umeuliza kwa nini mwendeshaji wa koreleta (mashine inayounganisha ishara za antena nyingi za darubini ya redio) hulazimika kupakia mapema vipimo vya ucheleweshaji, yaani muda ambao ishara ya antena moja huchelewa kuliko ya nyingine, ilhali kompyuta ingeweza kusahihisha baadaye. Antena za Ngomeni, tulizozizoea sisi watu wa Malindi, hufuatilia setilaiti. Lakini MeerKAT, darubini ya redio kule Afrika Kusini, ina antena 64 ambazo ishara zake huzidishwa jozi kwa jozi, nazo jozi hizo ni 2,016. Wimbi la redio halizifikii antena zote kwa wakati mmoja: kwa zilizoachana karibu kilomita 8, tofauti huweza kuzidi mikrosekunde 20, nayo hubadilika kadiri Dunia inavyozunguka, hivyo programu ya udhibiti huikokotoa upya bila kukoma.

Kosa dogo la ucheleweshaji huonekana kama awamu (nafasi ya wimbi katika mzunguko wake) inayopanda au kushuka kadiri masafa yanavyobadilika, na hilo hurekebishika. Kosa kubwa halirekebishiki, kwa sababu koreleta hujumlisha matokeo kwa sekunde kadhaa kisha ishara ghafi hutupwa, na kilichofutana ndani ya mkanda mmoja wa masafa hakirudi tena. Kwa maoni yangu, hatua isiyostahili kurukwa kamwe ni kuielekeza safu yote ya antena kwenye chanzo angavu cha redio angani kinachojulikana, kwa mfano PKS 1934-638, na kukagua awamu za kila jozi kabla ya kazi yenyewe. Mitandao ya darubini za redio inayorekodi ishara kwenye diski, kama ule wa Ulaya wenye koreleta Dwingeloo, Uholanzi, hupata nafasi ya kurudia hesabu.