Kazi Zako za Zamani Zinapoanza Kukukera

Ukidumu katika uandishi, itafika siku utafungua kazi uliyoiandika miaka michache nyuma, usome aya mbili, kisha utamani kuifunga haraka kabla mtu mwingine hajaiona. Waandishi chipukizi wengi huichukulia siku hiyo kuwa ushahidi kwamba hawana kipaji. Mimi, kwa muda niliokaa nikiandika na kuhariri miswada ya wenzangu, naliona jambo hili kinyume kabisa: anayekereka na kazi yake ya zamani ni yule ambaye jicho lake limekua. Jicho hutangulia, mkono hufuata. Kwanza unajifunza kuziona kasoro, kisha, baada ya muda mrefu na wa kuchosha, unajifunza kuziepuka. Na kipindi kilicho kati ya hatua hizo mbili ndicho kigumu, kwa sababu unajua kilicho kizuri na bado huwezi kukifanya.

Kukereka huko hukufaa pale tu unapoweza kutaja kinachokukera. Kusema kwamba kazi ni mbovu hakumsaidii mtu. Chukua sentensi ya aina ambayo karibu kila anayeanza huiandika: "Mzee Sefu alikuwa ni mtu ambaye alikuwa na huzuni kubwa sana isiyo na kifani moyoni mwake." Isome ukiwa na kalamu mkononi. Kitenzi "alikuwa" kimejirudia bila kazi yoyote. Huzuni imepewa sifa mbili, na ya pili imeimeza ya kwanza. "Moyoni mwake" hakumwongezei msomaji kitu, kwani huzuni ya mtu haikai kwingine. Na baada ya maneno yote hayo, mzee mwenyewe hatujamwona. Miaka kadhaa baadaye mwandishi huyohuyo angeweza kuandika: "Mzee Sefu aliketi kizingitini, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, mpaka jua likatua." Neno huzuni halimo, lakini msomaji ameihisi. Ukiichambua kazi yako ya zamani kwa namna hiyo, unapata mambo manne mahususi ya kuyawinda katika muswada ulio mezani sasa hivi, na hiyo ni faida kubwa kuliko aibu ya jumla isiyo na jina.

Hata hivyo usiishie kwenye kasoro, maana hapo ndipo waandishi wanaoboreka hujidhulumu. Mtindo unapokomaa, kuna vitu vinavyopotea kimyakimya. Tuseme katika muswada uleule wa Mzee Sefu kuna majibizano haya:

"Nimefuata haki yangu."
"Kaa kwanza."
"Sikuja kukaa."

Anayeanza aliyaacha hivyo kwa sababu hakujua afanye nini zaidi; hakuweka "alisema kwa hasira", hakueleza uso wa yeyote. Mwandishi aliyekomaa, ambaye sasa anazijua mbinu nyingi, angeshawishika kuingiza maelezo kati ya kauli moja na nyingine, na pengine angeuzima moto uliomo. Kwa hiyo ninapomshauri mtu asome kazi zake za awali, humwomba apigie mstari pia mahali ambapo leo asingethubutu kuandika vile, kisha ajiulize kama woga huo ni busara au ni mazoea tu. Zoezi hili ni gumu kuliko la kutafuta makosa, na ndilo ninalolithamini zaidi.

Kazi ikishachapishwa, suala hubadilika, kwa sababu haiko tena mikononi mwako peke yako. Jorge Luis Borges wa Argentina aliviona vitabu vyake vitatu vya insha vya miaka ya 1920 kuwa havimfai tena, na hakuruhusu vichapishwe upya alipokuwa hai. Alifariki mwaka 1986, na kabla miaka kumi haijapita vitabu hivyo vilikuwa vimerudi madukani. Mary Shelley alichukua njia nyingine: riwaya yake ya Frankenstein ilitoka mwaka 1818, naye akaifanyia marekebisho kwa toleo la mwaka 1831, akabadilisha hata asili ya Elizabeth, ambaye mwanzoni alikuwa binti wa shangazi yake mhusika mkuu na baadaye akawa yatima aliyechukuliwa kulelewa. Matoleo yote mawili yanasomwa mpaka leo, na wapo wasomaji wengi wanaolipendelea lile la kwanza.

Msimamo wangu ni huu: ukipata nafasi ya kuchapisha upya, sahihisha bila kusita makosa ya tahajia, tarehe zisizo sahihi na jina la mhusika lililobadilika njiani bila sababu. Muundo na sauti viache. Anayetaka kuvibadilisha ni mwandishi mwingine kabisa, mwenye umri mwingine na maswali mengine, na nguvu zake zitafanya kazi vizuri zaidi katika kitabu kipya. Euphrase Kezilahabi alianza na Rosa Mistika mwaka 1971, riwaya inayosimulia maisha waziwazi, tukio baada ya tukio. Kufikia Nagona ya mwaka 1990 alikuwa ameuacha usimulizi huo, akaingia katika uandishi wa ndoto, mafumbo na falsafa. Hakuhitaji kuiandika upya ile ya kwanza ili afike kwenye ya pili, na msomaji anaweza kuzipenda zote mbili kwa sababu tofauti.

Liko pia suala la msomaji anayekusifu kwa kazi ambayo wewe umeshaichoka. Mshukuru, na usimweleze kasoro za kazi hiyo. Alichokipata humo alikipata kweli, hata kama wewe hukioni tena.

Kuhusu utunzaji, andika tarehe kwenye kila rasimu na uihifadhi zaidi ya mahali pamoja, hata ile unayoichukia, kwa kuwa bila tarehe hutaweza kujua ni lini uliacha mazoea fulani na ni lini ulianza mengine. Usizifungue rasimu hizo ukiwa katikati ya kazi mpya, kwani wakati huo unahitaji kujiamini kuliko kujikosoa, na sauti ya zamani huweza kukuvuta nyuma au kukufanya ujilinganishe kila sentensi. Mimi huzisoma baada ya kukamilisha kazi moja na kabla ya kuanza nyingine, nikiwa na daftari pembeni lenye safu mbili, moja ya niliyoyaacha na nyingine ya ninayotaka kuyarudia.