Kununua kwao si kuwajua

Nimekulia Buruburu, Nairobi, na kila Desemba mama alitupeleka Eastleigh, mtaa wenye Wasomali wengi, kununua nguo. Vichochoro vya Garissa Lodge, ile gesti ambayo wakimbizi wa Somalia waliigeuza soko baada ya 1991, nilivijua vyote. Lakini Msomali kwangu alibaki mtu wa kubishana naye bei. Baada ya wapiganaji wa al-Shabaab kutoka Somalia kushambulia jengo la maduka la Westgate, Septemba 2013, hata begi lake kwenye matatu lilinitia wasiwasi.

Kwa hiyo ukiniambia vijana wa Nairobi hawabaguani kwa kuwa wanaishi pamoja, nitakuuliza: pamoja vipi? Kubanana kiti kimoja si kujuana.

Kilichonigeuza ni mpira. Mwanzoni mwa 2014 timu yetu ilikosa beki, kocha akaleta kijana Msomali wa Eastleigh. Kocha hakutuhubiria. Alipanga tu zamu za kubeba neti na kununua maji, awe nyota awe wa benchi. Ramadhani ilipofika, mazoezi yakawa yanaisha karibu na magharibi, kisha sote tunakaa kwenye nyasi na tende na sambusa. Mwanasaikolojia Gordon Allport aliyataja mwaka 1954 masharti hayo ya ukaribu kupunguza ubaguzi: hadhi sawa, lengo moja, ushirikiano, na mkubwa anayeunga mkono. Kocha wetu, nina hakika, hajawahi kumsikia.

Sasa kosa langu, msilirudie. Siku moja nilimwambia yule beki, tena kwa kumsifu, "Wewe si kama wale wengine." Akaniangalia. "Wale wengine nani? Mamangu?"

Nilikosa la kujibu. Ukimtoa rafiki yako mmoja kwenye kundi, dharau yako kwa waliobaki haijaguswa. Mwombe akukaribishe kwao. Mimi nilikunywa chai ya iliki huku kaka zake wakigombania rimoti: mmoja mswalihina, mmoja mlevi wa Arsenal, wa tatu hataki kusikia dini wala mpira. Na usimgeuze msemaji wa al-Shabaab kila bomu likilipuka. Wewe hukuulizwa habari za kila jambazi wa kabila lako.

Aprili 2014, wakati wa msako wa polisi uliowalenga Wasomali, watu wakizuiliwa uwanja wa Kasarani, tulisimamishwa na askari tukitoka mazoezini. Tulikuwa sita. Kipande, yaani kitambulisho, kiliombwa kimoja tu, cha kwake, naye alikuwa nacho. Changu nilikuwa nimekisahau nyumbani.